Ushirika wa Wakulima Wadogo wa Miwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa ajili ya wakulima wa nje, yaani wale wenye mashamba yao wenyewe wanaouza miwa kiwandani. Mifano mingi inatoka bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, ambako viwanda vya Msolwa na Ruembe vimekaa kila kimoja upande wake wa Mto Ruaha Mkuu na vijiji vinavyovizunguka vinaishi kwa miwa. Mkulima wa Mtibwa au wa Kagera naye atakuta humu mambo anayoyajua vizuri.

Shamba ni langu na miwa ni yangu. Chama cha nini?

Hili ndilo swali la kwanza kila mahali, na ni halali kabisa. Jibu lake liko kwenye muwa wenyewe.

Mkulima wa korosho akiona bei haijamridhisha, zao lake linaweza kukaa ghalani likisubiri mnada mwingine. Mwenye kahawa kavu au mahindi naye ana nafasi ya kusubiri wiki kadhaa. Muwa hauna nafasi hiyo. Ukishakatwa, na hasa kama ulichomwa moto kwanza kuondoa majani, sukari iliyomo huanza kubadilika kuwa aina ya sukari isiyoganda kuwa chembe, na kwa kiwanda hiyo ni hasara tupu. Inafaa ufike kwenye mtambo ndani ya saa 24, na zikipita 48 unapoteza uzito na utamu kwa pamoja. Joto likiwa kali, kasi huongezeka. Ndiyo maana mfumo wa stakabadhi ghalani uliozisaidia korosho na ufuta hauwezi kuwekwa kwenye miwa: hakuna ghala la kuhifadhi muwa.

Ongeza jambo la pili. Muwa ni mzito na bei yake kwa tani haistahimili safari ndefu, kwa hiyo mnunuzi wako kwa vitendo ni mmoja, kiwanda kilicho karibu. Mwenye ekari mbili amesimama mbele ya mnunuzi mmoja, akiwa na zao linaloharibika kwa saa. Akigoma kuuza, anayeumia ni yeye. Wakulima elfu moja wakiwa na mkataba mmoja na msemaji mmoja, kiwanda nacho kina la kupoteza, kwa sababu mtambo ukikosa miwa unasimama huku mishahara na matengenezo vikiendelea. Nguvu ya chama iko hapo. Kazi nyingine zote za chama, kuanzia pembejeo, barabara za mashambani hadi mafunzo, ni nzuri, lakini zinakuja baada ya hiyo.

Naona majina mengi: chama cha wakulima, AMCOS, TASGA, Bodi ya Sukari. Nani ni nani?

Zamani wakulima wa Kilombero walikuwa chini ya vyama viwili vikubwa, kimoja kila upande wa mto: chama cha Kilombero (KCGA) na chama cha Ruhembe (RCGA). Vilikuwa vyama vya kawaida vya wakulima, si vya ushirika. Kampuni ya sukari ya Kilombero ilipobinafsishwa mwaka 1998 na kuingia mikononi mwa Illovo ya Afrika Kusini, miwa ya wakulima wa nje iliongezeka haraka na idadi ya vyama nayo ikaongezeka. Baadaye Serikali ikahimiza vyama vyote viingie kwenye mfumo wa ushirika, yaani AMCOS, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013.

AMCOS ni chama cha msingi cha ushirika wa kilimo na masoko. Mwanachama mmoja ana kura moja, awe na ekari moja au hamsini. Kinasajiliwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika na kusimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na hesabu zake hukaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika. TASGA ni umoja wa kitaifa wa wakulima wa miwa. Wenyewe haununui wala hauuzi miwa, kazi yake ni kuwasemea wakulima kwenye meza za juu. Bodi ya Sukari ni chombo cha Serikali kilichoundwa kwa Sheria ya Sukari ya 2001. Inasimamia tasnia nzima, viwanda na wakulima pamoja, na ukiwa na mgogoro na kiwanda uliowashinda kuumaliza wenyewe, unaupeleka huko.

Tunahitaji watu wangapi kuanzisha AMCOS?

Kwa chama cha mazao, si chini ya watu 20. Idadi si tatizo. Kinachochelewesha ni kuandika masharti ya chama na andiko la mradi linaloonyesha kwamba chama kitajiendesha. Mwiteni Afisa Ushirika wa wilaya tangu kikao cha kwanza, msisubiri mkwame. Na kabla ya kuanzisha kipya, someni swali la vyama vidogo vingi lililoko chini.

Malipo yangu yanakokotolewaje? Kila mwaka napata karatasi nisiyoielewa.

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo manung'uniko mengi yanapozaliwa, na mengine yana haki na mengine hayana.

Hulipwi kwa uzito wa miwa peke yake. Unalipwa kwa sukari inayokadiriwa kupatikana kwenye miwa yako. Kiwanda kinapima uzito, kinachukua sampuli, na kinakokotoa kiasi cha sukari kinachoweza kutoka kwenye kila tani 100 za miwa. Kiwango hicho wakulima wengi wanakiita rendimenti. Kisha bei ya sukari iliyokubaliwa inagawanywa kati ya mkulima na kiwanda kwa uwiano ulioandikwa kwenye mkataba.

Chukua mfano, na namba hizi ni za kujifunzia tu. Una ekari tatu, umevuna tani 20 kwa ekari, jumla tani 60. Rendimenti ikiwa 10, sukari yako ni tani 6. Ikiwa 8.5, ni tani 5.1. Tani ni zilezile 60, gharama ya kukata na kusafirisha ni ileile, lakini kilo 900 za sukari zimeyeyuka. Tuseme mkataba unampa mkulima asilimia 55. Sehemu yako kwenye hali ya kwanza ni kilo 3,300 za sukari, kwenye ya pili ni 2,805. Zidisha kila moja kwa bei ya kilo iliyoko kwenye mkataba, kisha ondoa makato. Fanya hesabu hiyo kwa mkono wako, kwenye daftari, kabla hujapokea karatasi ya chama. Ukiona tofauti, una swali lenye namba ndani yake, na swali lenye namba haliwezi kujibiwa kwa "tutalifanyia kazi".

Angalia namba tatu ndizo zinazoamua maisha yako: uzito, rendimenti na mgawanyo. Mgawanyo hujadiliwa mara moja kwa kipindi cha mkataba, na chama ndicho kinachojadili. Uzito na rendimenti vinatokea kila siku ya msimu, wewe usipokuwepo. Kwa maoni yangu chama ambacho viongozi wake wanajua mgawanyo tu, lakini hakina mtu wake mizanini na kwenye maabara, kimefanya theluthi moja ya kazi.

Tunaruhusiwa kusimamia mizani na upimaji wa sampuli?

Mwakilishi wa wakulima mizanini na maabara ni jambo la kuandikwa kwenye mkataba, na mkataba wenu ukiwa kimya juu yake, hilo ndilo la kudai kwanza kwenye mazungumzo yajayo, kabla hata ya bei. Mizani yenyewe inapaswa kukaguliwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka. Ombeni kuona stika ya ukaguzi.

Jifunze pia kusoma tiketi ya mizani. Ina namba ya gari, namba ya shamba, saa ya kuingia, uzito wa gari likiwa na mzigo, uzito wa gari tupu baada ya kushusha, na uzito halisi wa miwa, ambao ni tofauti ya hizo mbili. Makosa mengi ni ya kawaida: namba ya shamba imeandikwa ya jirani, au gari tupu limepimwa asubuhi likiwa safi na jioni limerudi na tope kwenye tela lakini uzito uliotumika ni wa asubuhi. Saa ya kuingia nayo ina kazi yake. Ukiwa na saa ambayo shamba lako lilichomwa na saa ambayo gari lilipita mizanini, unajua miwa yako ilikaa muda gani, na kama ilikaa siku tatu unajua rendimenti ilishuka kwa sababu gani na nani wa kuulizwa.

Hifadhi tiketi zote. Mkulima aliyekuja kulalamika bila tiketi anapata pole, mwenye tiketi anapata majibu.

Jirani yangu mashamba yetu yanapakana, kwa nini rendimenti yake ni kubwa kuliko yangu?

Si lazima pawe na wizi. Anza na haya.

Umri wa miwa: ikikatwa kabla haijakomaa, kwenye miezi 9 au 10, haijajaza sukari. Mbolea ya naitrojeni ikiwekwa kwa kuchelewa, muwa unaendelea kukua majani badala ya kukomaa. Mvua ikinyesha karibu na kuvuna, utamu unashuka, na mvua za El Niño za msimu wa 2023/24 zilimfundisha kila mtu jambo hilo, mashamba yalijaa maji, magari yakakwama na viwanda vikasimama.

Halafu ukataji. Sehemu tamu kuliko zote iko chini, karibu na udongo, na sehemu isiyo na sukari iko juu kwenye kilele. Mkataji mwenye haraka anaacha kisiki cha sentimita 10 ardhini na anapakia vilele vya kijani. Umepoteza mara mbili: umeacha sukari shambani na umepeleka maji na majani kiwandani. Ukiwa na nafasi ya siku moja tu ya kuwa shambani mwaka mzima, iwe siku ya kukata.

Mwisho ni uzee wa shamba na mbegu. Mashamba mengi Kilombero yana mbegu ya NCo 376, mbegu nzuri ya siku nyingi ila dhaifu mbele ya ule ugonjwa unaotoa mjeledi mweusi kwenye kilele cha muwa. Maotea, yaani miwa inayochipua tena baada ya kukatwa, ya mwaka wa saba au wa nane yenye ugonjwa hayawezi kulingana na shamba lililopandwa upya kwa pingili safi. Kituo cha utafiti cha TARI Kibaha ndicho chenye dhamana ya mbegu za miwa nchini. Chama kinaweza kutenga ekari chache ziwe shamba la mbegu safi za wanachama, jambo ambalo mkulima wa ekari mbili hawezi kulifanya peke yake. Kwangu mimi hii ni huduma yenye faida kuliko trekta la chama, ingawa trekta ndilo linalopigiwa makofi kwenye mkutano.

Zamu ya kuvuna inapangwaje?

Kiwanda kinatoa mgawo wa tani kwa siku au kwa wiki, sehemu kwa shamba lake na sehemu kwa wakulima wa nje. Mgawo wa wakulima unagawanywa kwa vyama, kisha kila chama kinawapangia wanachama wake. Wenye mashamba madogo huwekwa kwenye vikundi vya kuvuna, mashamba yanayopakana yanachomwa na kukatwa pamoja ili wakandarasi wapate kazi ya kutosha na magari yasizunguke ovyo.

Orodha ya zamu ibandikwe hadharani, ofisini na kwenye ubao wa kijiji, ikiwa na tarehe ya kupandwa au kuvunwa mara ya mwisho kwa kila shamba. Kigezo kiwe umri wa miwa. Palipo na orodha ya siri pana rushwa, na mwenye kuumia ni yule asiye na simu ya kiongozi.

Na miwa iliyoungua kabla ya zamu?

Hili ni donda la siku nyingi. Shamba likishika moto inabidi livunwe haraka, kwa hiyo linapewa kipaumbele, na wapo waliogundua kwamba kiberiti kinaruka foleni. Ila moto haujui mpaka. Unamaliza shamba la mjane aliyepanga kuvuna baada ya miezi miwili, miwa yake inavunwa michanga, na mgawo wa siku unavurugika kiasi kwamba hata miwa ya aliyewasha inakaa chini ikisubiri gari.

Vyama vilivyofanikiwa kupunguza moto vilifanya mambo ya kawaida: kusafisha njia za moto kati ya mashamba kabla ya kiangazi kushika, kuweka walinzi kwa zamu, na kukubaliana kwa maandishi kwamba shamba lililoungua kwa makusudi mwenye nalo hapati kipaumbele bali anakatwa fidia ya majirani. Kanuni ya mwisho ni ngumu kutekeleza, kwa sababu kuthibitisha nani kawasha si rahisi. Hata hivyo iandikeni. Ikiwepo na kusomwa kila mkutano mkuu, watu wanafikiri mara mbili.

Makato kwenye karatasi yangu ni ya nini?

Kwa kawaida kuna ukataji, upakiaji, usafirishaji, mkopo wa pembejeo kama ulichukua, na ushuru wa chama. Ushuru wa mazao wa halmashauri kisheria unalipwa na mnunuzi, kwa hiyo ukiuona umekatwa kwako uliza. Gharama kubwa kuliko zote ni kukata na kusafirisha, na hapo chama kinaweza kukuokolea fedha nyingi kwa kushindanisha wakandarasi kwa zabuni ya wazi. Kama mkandarasi wa usafiri ni yuleyule miaka yote, na bei yake haijawahi kusomwa mkutanoni, muulizeni mwenyekiti kwa heshima, na muulizeni tena.

Kuna mtu anataka kununua miwa yangu ikiwa shambani, bado michanga. Nimuuzie?

Najua kwa nini watu wanauza. Januari ada za shule zinadaiwa, mgonjwa yuko hospitali, na kiwanda kitalipa baada ya miezi kadhaa. Anayekuja na fedha taslimu anakuja siku ya shida, na analipa sehemu ndogo ya thamani. Nimeona shamba lililouzwa hivyo mwaka wa kwanza, likauzwa tena mwaka wa pili kwa sababu mwenye shamba hakuwa amebakiwa na kitu, na mwaka wa tatu aliyekuwa akinunua ndiye aliyekuwa akilima, mwenye shamba akawa kibarua wake.

Chama kinaweza kuzuia hili kuliko hotuba yoyote. Kikiwa na SACCOS, au makubaliano na benki ya kutoa mkopo mdogo kwa dhamana ya miwa iliyosajiliwa, mwanachama anapata fedha ya dharura kwa riba inayojulikana na muwa unabaki wake. Kama chama chenu hakina utaratibu huo, pelekeni hoja hiyo kwenye mkutano mkuu ujao ikiwa imeandikwa.

Chama kinaweza kukopa benki?

Kinaweza, baada ya mambo mawili: mkutano mkuu kupitisha, na Mrajis kuidhinisha ukomo wa madeni, yaani kiwango cha juu ambacho chama kinaruhusiwa kudaiwa. Benki makini haitawasikiliza bila kibali hicho. Mbali na benki za biashara ipo Benki ya Maendeleo ya Kilimo (TADB), na tangu Aprili 2025 ipo Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma.

Deni la chama ni deni lenu. Likichukuliwa kununua magari ambayo baada ya miaka miwili yamesimama juu ya mawe, litakatwa kwenye miwa ya wanachama wote, hata wa aliyepinga.

Ni bora vyama vidogo vingi au kimoja kikubwa?

Swali hili linagawa watu, nami nitasema ninachoamini. Chama kidogo kina faida ya kweli: wanachama wanafahamiana, mkutano unafanyika chini ya mwembe mmoja, kiongozi mwizi anajulikana kwao. Vyama vingi vilizaliwa kwa sababu vikubwa vilikuwa mbali na wakulima na havikutoa hesabu. Waliojitoa hawakuwa wakorofi.

Ila tazama yaliyofuata. Vyama vikawa zaidi ya kumi vikigombea wanachama walewale na mgawo uleule. Mwenye ekari nne akawa na ekari mbili chama hiki na mbili kile, akiangalia zamu ipi itafika kwanza. Mbele ya kiwanda kukawa na sauti kumi, na kwenye mazungumzo upande wenye sauti kumi ndio unaokubali mapema. Kila chama kina ofisi yake, karani wake na posho zake, na zote zinatoka kwenye tani zilezile.

Ninachopendekeza ni chama kidogo kwa huduma na chombo kimoja kwa mkataba. AMCOS zibaki vijijini zikisimamia zamu, ukataji na hesabu, lakini mkataba na kiwanda, wawakilishi wa mizani na wataalamu wa maabara viwe vya pamoja, vikilipiwa na vyama vyote kwa uwiano wa tani. Sheria inaruhusu vyama vya msingi kuunda chombo cha pamoja. Kinachokosekana ni utayari wa wenyeviti kumi kukubali kwamba mmoja wao, au mtaalamu wa kuajiriwa, atazungumza kwa niaba ya wote.

Kuna la kujifunza kutoka Kenya?

Lipo, na linauma. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga mwaka 1973 kikitegemea wakulima wadogo kwa kiasi kikubwa sana. Mwaka 1975 ikaundwa kampuni ya wakulima wa nje, MOCO, iliyokuwa ikiwalimia, kuwapa mbegu na mbolea kwa mkopo, na kukata deni wakati wa malipo. Kwa miaka mingi mfumo ule ulilisha familia nyingi za Kenya magharibi. Kisha malipo yakaanza kuchelewa, wakulima wakakata tamaa, viwanda vingine vikaja jirani, na miwa iliyolimwa kwa mkopo wa mmoja ikauzwa kwa mwingine. Mikopo haikurudi, pembejeo zikakatika. Mwaka 2019 Mumias ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi aliyewekwa na benki iliyokuwa ikiidai.

Watu wengi hutaja ubadhirifu tu. Ulikuwepo, lakini kwa mkulima ninaona jambo jingine la kushika: chama chao kilikuwa kimefungwa kwenye mfuko wa kiwanda kwa kila kitu, kiasi kwamba kiwanda kilipoyumba chama nacho hakikuwa na mguu wa kusimamia. Chama kiwe na akiba yake. Hata ndogo.

Kiwanda kimepanuliwa. Bado tunahitaji chama?

Upanuzi wa Kilombero uliotangazwa mwaka 2021 ulilenga kufikisha tani 271,000 za sukari kwa mwaka. Kwa waliokuwa wakiacha miwa shambani kwa sababu mtambo umejaa, hii ni habari njema kweli. Ila mtambo mkubwa unavutia wakulima wapya na mashamba mapya, na baada ya miaka michache miwa inaweza kuzidi tena. Tumieni miaka hii ambayo kiwanda kinaitafuta miwa kupata masharti mazuri ya mkataba: riba kwa malipo yaliyochelewa, fidia kwa miwa iliyokatwa ikakosa gari, mwakilishi maabara. Foleni ikirudi kuwa ndefu hayo hayatapatikana.

Malipo ya ziada ya Fairtrade ni nini?

Fairtrade ni mfumo wa kimataifa wa cheti cha biashara ya haki. Malipo yake ya ziada ni dola 60 za Marekani kwa kila tani ya sukari iliyouzwa kwa masharti hayo, zinazoingia kwenye chama chenye cheti, nje ya bei ya kawaida. Wanachama wenyewe wanaamua matumizi kwenye mkutano, iwe madarasa, visima au mbegu. Neno la kuzingatia ni "iliyouzwa". Sukari ikiuzwa soko la ndani kwa njia ya kawaida, malipo hayo hayapo, kwa hiyo bajeti ya chama isijengwe juu yake.

Mume wangu ndiye mwanachama, mimi ndiye ninayelima. Naweza kujiunga?

Ndiyo. Sheria haizuii mume na mke wote kuwa wanachama. Kinachohitajika ni shamba linalotambulika kwa jina lako, la kwako, la kukodi kwa maandishi, au sehemu ya shamba la familia iliyoandikishwa. Akaunti ya benki iwe kwa jina lako pia, kwa sababu malipo ya miwa huingia kwa mkupuo, mara moja au mbili kwa mwaka, na ikishatolewa yote kwa siku moja hakuna wa kuidai. Vyama vinavyokataa kugawa namba ya shamba ndani ya kaya vinafanya hivyo kwa mazoea. Ombeni waonyeshe kifungu.

Viongozi hawasomi mapato na matumizi. Tufanye nini?

Mkutano mkuu wa mwaka ni wa lazima na taarifa ya fedha ni haki yenu. Kama hauitishwi, wanachama wanaweza kuomba kwa maandishi mkutano maalumu, nakala ikienda kwa Afisa Ushirika wa wilaya. Ombeni taarifa ya ukaguzi ya COASCO isomwe kwa Kiswahili, ukurasa wa dosari kwanza. Taarifa za chama zinatakiwa pia kuwa kwenye MUVU, mfumo wa kidijitali wa Tume, ambamo msimamizi anaona hata kama ofisi yenu imefungwa.

Nendeni mkiwa wengi na mkiwa watulivu. Barua yenye majina arobaini na namba za uanachama hujibiwa haraka kuliko kelele.

Nikitaka kujitoa?

Unaandika barua kwa bodi kwa muda uliowekwa kwenye masharti ya chama. Hisa zako unarudishiwa kwa utaratibu huohuo, baada ya kutoa deni lolote unalodaiwa. Jitoe baada ya msimu kufungwa, si katikati, maana miwa yako imeshahesabiwa kwenye mgawo wa chama na ukihama kabla ya kuvuna unaweza kukosa zamu kote kuwili. Chukua nakala ya tiketi zako zote za mizani kabla hujakabidhi kadi.